Tui la Bwana, na Wajomba Zako Milimani

Kwako mwanangu Shaibu,

Shikamoo yako niliipokea jioni, na marahaba nikakupa. Basi salamu tuziache hapo, zimeshatimia.

Mama yako ameniagiza nikuandikie ule nini njiani, ulale upande gani wa moto, na miguu uifunge kwa kitambaa gani. Hayo siyaandiki. Umeambiwa na yeye, umeambiwa na shangazi yako, na leo hata muuza samaki aliyepita mlangoni alisimamisha biashara yake akakuambia. Mimi nina maneno mengine, ambayo nimeshindwa kukuambia usoni kwa sababu kila nikifungua kinywa hutoka mzaha. Wanijua baba yako. Siku tuliyomzika babu yako niliwachekesha wachimba kaburi mpaka mmoja akaangusha jembe, kisha nikaenda kulia peke yangu nyuma ya banda la kuku.

Alfajiri, baada ya sala, utatoka hapa Kivinje pamoja na Bwana wa boma, huyu Mdachi ninayempikia, na askari wake na wapagazi, mwende milimani Umatumbi, kwa watu waliong'oa pamba ya Wadachi na kuinuka na maji yao ya dawa. Majirani tunawaambia kwamba wewe huendi kupigana, unakwenda kupika tu. Ni kweli. Lakini milimani huko ni kwa wajomba zako, ndugu wa tumbo moja na mama yako, waliokubeba mabegani kila tulipokwenda kuwatembelea, wakakupa asali mpaka ukaharisha. Unakwenda kumwandalia chakula mtu anayekwenda kuwachomea maghala. Na aliyekutia katika safari hii si Bwana, mwanangu. Ni ulimi wangu.

Wewe ulikuwa jikoni usiku ule wa wageni, hukuyasikia yaliyosemwa barazani. Nitakusimulia, maana ukiyasikia kwa mwingine atayatia chumvi, nami nimeshayatia ya kutosha.

Walikuja Wadachi wawili kutoka Lindi. Walipomaliza nyama nikawapelekea bilauri zako za tui la ndimu, zito, jeupe lenye umanjano wa yai, harufu ya ganda la chungwa ikitangulia mbele yangu kama mpiga zumari. Mgeni mmoja akachota kwa kijiko, akafumba macho.

"Mpishi," akasema, "hii umetengeneza wewe?"

Ningesema, "Ndiyo, Bwana," yakaisha. Lakini nilitazama uso wake ule uliolainika, nikaona hapa pana sifa inapita bila mwenyewe, nami nikaitaka ije nyumbani kwetu yote, baba na mwana.

"Si mkono wangu, Bwana," nikasema. "Ni mkono wa mwanangu. Mimi nikikitengeneza ni kinywaji. Akikitengeneza yeye, ni usingizi wa mtoto mchanga."

Wakacheka, wakapenda. Nami nikaongeza, kwa kuwa mjinga hakosi nyongeza: nikasema una mkono mwepesi, huna uvivu, unaweza kupika hata juu ya mawe matatu katikati ya mvua. Bwana akaweka kijiko chini.

"Basi huyo nitakwenda naye milimani," akasema.

Nikahisi sinia limekuwa zito. "Bwana, yule bado kijana, hajui safari. Nichukue mimi."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka tumboni, na tumboni akakaa sana. "Wewe? Wewe utataka wapagazi wanne wa kukubeba, na wa tano abebe tumbo."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka, Shaibu. Nilisimama pale na sinia langu nikacheka kuliko wao, kama mtu aliyesikia mzaha mtamu, na huku wewe umeshachukuliwa. Maneno niliyoyasema naweza kuyatafutia udhuru. Kile kicheko sijakipatia udhuru mpaka sasa.

Nilipomweleza mama yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Umemtoa mwanangu?" akauliza.

"Sikumtoa. Nilimsifu."

"Kwako wewe kuna tofauti?" Akapepeta, akapuliza makapi. "Wanaume wengine huwatoa watoto wao kwa ng'ombe. Wewe umemtoa wako kwa kijiko cha tui."

Tangu siku hiyo ananiwekea chakula mbele yangu vizuri, moto, na mchuzi umejaa, wala hasemi neno. Afadhali angenipa ukoko.

Ngoja nikwambie kinywaji chenyewe kilikoanzia, maana hukuwahi kuniuliza, na mimi mtu wa hadithi sikuwahi kukusimulia hii.

Bwana alipofika hapa mara ya kwanza alipata homa, akawa anaota mchana. Akaniita kando ya kitanda akanieleza kitu alichokuwa akitengenezewa na mama yake kwao: malai, ule utando mzito wa juu wa maziwa ya ng'ombe, ndimu kubwa za kwao, viini vya mayai, sukari na mvinyo mkali. Kinawekwa mahali pa baridi, kinanywewa baada ya chakula, nusu kinywaji nusu kitu cha kijiko. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno. Shaibu, nilimwonea huruma. Mtu mzima, anaogopwa na nchi nzima, analilia bakuli la mama yake.

Maziwa mazito Kivinje utayapata wapi? Nikachukua nazi zilizokomaa, nikazikuna, nikakamua tui la kwanza bila tone la maji. Nikalibandika motoni pamoja na mayai, nikaona lanukia, nikamimina ndimu mlemle. Likakatika papo hapo. Mafuta juu, maji chini, na katikati mayai yamekuwa madonge kama ubongo wa mbuzi. Mimi, kwa kutojua, nikalipeleka hivyohivyo. Bwana alionja, akalimwaga. Bahati mbaya mimi nilikuwa nimesimama pale alipomwagia. Mama yako akanifulia kanzu siku mbili, na harufu ya mvinyo haikutoka. Ijumaa nikasali nyumbani kwa aibu. Ndipo mama yako alipokipa kinywaji jina lake: tui la walevi.

Nilijaribu tena na tena. Nikajifunza kusugua bonge la sukari juu ya ganda la chungwa mpaka limeshika mafuta yake. Nikajifunza kupiga viini na ile sukari ndani ya bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, lisiguse moto wenyewe, kwa chelewa za mnazi nilizozifunga pamoja, mpaka sauti ya kupiga inabadilika: mwanzo inakwaruza, kisha inanyamaza kama mtu aliyeridhika. Nikajifunza kuliacha tui lipoe ndipo likutane na mayai, kisha mvinyo, na maji ya ndimu yaje mwisho kabisa, uzi mwembamba, mkono mmoja unamimina na mwingine haukomi kupiga. Halafu chupa inashushwa kisimani kwa kamba ilale huko mchana kutwa.

Na katika miaka yote hiyo, sijawahi kulionja. Wewe pia hujalionja, nami nakushukuru kwa hilo. Tumepika kwa pua na kwa sikio, na kwa kumtazama mnywaji usoni. Nilikuwa najivunia jambo hilo. Naona sasa ndilo lililoniharibu. Mpishi wa wali huonja wali wake. Mimi utamu wa kazi yangu niliuonja katika uso wa Bwana, na mtu akizoea kuonja katika uso wa mwenzake, huyo mwenye uso ndiye atakayempeleka anakotaka.

Sasa nifike Tingi, maana kwa ajili ya Tingi nimekaa kuandika.

Unakumbuka nilipofuatana na Bwana kukagua mashamba ya pamba, kabla ya vita. Niliporudi nilikuambia nimechoka kwa jua. Haikuwa jua. Tulipiga kambi Tingi alasiri, na Bwana akataka kinywaji chake. Nazi nilikuwa nazo, ndimu nilikuwa nazo, mvinyo ulibebwa na mpagazi wa peke yake, umefungwa katika majani makavu kama bibi harusi. Lakini yai halisafiri. Mayai yangu yalikuwa yamevunjika njiani. Nikatoka hemani nikamwambia askari aliyekuwa karibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ninavyomwambia mama yako hapa nyumbani: "Mayai hakuna."

Ni hilo tu nililosema. Sikumtuma mtu.

Baada ya kitambo askari wakarudi na kuku mzima mikononi, anapiga mabawa, na mayai ndani ya kofia. Nyuma yao anakuja mwanamke, jina lake Somoe, na nyuma zaidi mumewe, anakokotwa na askari wengine. Huyo mume alikuwa amewazuia mlangoni. Alisema kuku huyo analalia, wamsubiri aangue. Kwa maneno hayo wakamlaza chini, wakampiga hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Kile kiboko unakijua, sina haja ya kukueleza.

Somoe hakulia. Alikuja mpaka jikoni kwangu, akasimama.

"Wewe ndiye mwenye kula mayai?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Mimi mpishi tu."

"Haya, pika. Nikuone."

Nikavunja la kwanza. Ndani mlikuwa na kifaranga, ana manyoya yaliyolowa, macho bado yamefumba. Nikavunja la pili, vilevile. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikavunja yote, moja baada ya moja, mbele yake, kwa sababu nilikuwa naogopa kwenda kwa Bwana kumwambia hakuna hata moja zuri. Somoe alitazama mpaka la mwisho, kisha akainama akavizoa vile vifaranga ndani ya upande wa kaniki yake, akaondoka navyo. Vya nini, sijui. Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana.

Nikaenda hemani kutoa habari. Bwana alikuwa amekwisha vua viatu. "Acha," akasema, "nimeshikwa na usingizi."

Hilo ndilo funzo langu, mwanangu, nalo nililipata kwa mgongo wa mtu mwingine. Hapa mjini neno la mpishi ni neno la mpishi. Ukisema chumvi imekwisha, mtu huenda dukani kwa Banyani akaleta chumvi. Lakini katika msafara wenye bunduki, mpishi akisema kitu hakuna, amekwisha toa amri, hata kama alikuwa anajisemea mwenyewe na masufuria yake. Huko unakokwenda kila kilichopungua jikoni kwako kitatafutwa ndani ya nyumba ya mtu. Kuku, muhogo, mtama wa mbegu. Na nyingine katika nyumba hizo umelala ndani yake ukiwa mtoto.

Kwa hiyo usiseme hakuna. Chumvi ikiisha, pika bila chumvi, utukanwe. Nyama ikiisha, pika maharage na useme leo nimeona maharage yatamfaa Bwana tumboni. Uwe mwongo mchangamfu. Damu yangu unayo, haitakushinda.

Na kinywaji chenyewe, kiharibu. Si neno jepesi kwangu, kwa kuwa hakuna kitu nilichokufundisha kwa bidii kama kukipika vizuri. Usiku wa kwanza mtakapopiga kambi, mayai yatakuwapo bado kwenye kikapu kilichotandikwa makumbi ya nazi. Atakitaka. Basi libandike tui juu ya moto wenyewe, limimine ndimu likiwa linachemka, likatike mbele ya macho yako, kisha mpelekee kwa heshima zote. Ukifanya hivyo tena usiku unaofuata atakuuliza kuna nini. Mwambie ni maji ya huku bara, mwambie ni hewa ya milimani, mwambie baba yako alimdanganya kuhusu mkono wako. Hilo la mwisho ataliamini upesi. Atapiga kelele, pengine atakupiga. Sikufichi, mwanangu, mkono wake ni mwepesi kuliko wako. Lakini mwisho wake ataomba chai, na chai haina yai. Nami nitakuwa baba wa kwanza Kivinje kuomba dua mwanawe aitwe mpishi mbovu.

Ningeishia hapo, na mama yako angesema sijasema kitu. Kwa maana leo, baada ya siku hizi zote za kimya, amezungumza. Alikuwa anakukunjia shuka.

"Kaka zangu wakimwona huko," akasema, "amevaa hiyo fulana aliyopewa bomani, watamjua kwa lipi?"

"Watamjua kwa sura. Amefanana na kaka yako mkubwa, masikio yaleyale ya popo."

"Gizani? Mbio? Na mikuki mkononi?"

Nikashika ncha ya pili ya shuka, nikamsaidia kukunja.

"Na huyo Bwana wako," akaendelea, "akisikia kijana anaongea Kimatumbi na mateka, atamwita nani? Mpishi?"

Ndipo nilipoona jambo nililokuwa nalizunguka kama paka na samaki wa moto. Utakuwa katikati, Shaibu, na pande zote mbili zina haki ya kukushuku. Mimi sikukuweka jikoni. Nilikuweka hapo.

Sikupi dawa ya maji. Siamini kwamba risasi hugeuka maji; nimewaona waliokunywa wakaletwa bomani juu ya machela, na risasi zilikuwa risasi. Lakini usinisikie nikisema wajomba zako ni wajinga. Mtu aliyelima pamba ya mwenziwe kwa kiboko huku mtama wake unaliwa na nguruwe, akiambiwa kuna maji ya kumwokoa, atauliza tu yanachotwa wapi. Mimi nimeamini mambo ya kipuuzi kuliko hayo. Niliamini kwamba Bwana akipenda chakula changu atawapenda watu wangu.

Kwa hiyo sikuambii ukapigane, upande huu wala ule. Nakuambia hivi. Ukiweza kukaa na sufuria zako mpaka msafara urudi, bila mtu kudhurika kwa ajili yako, kaa, urudi nyumbani. Ukiona huwezi, ukaona siku ile wanakwenda kwenye nyumba unayoijua, au wanakutaka uwaonyeshe njia, basi ondoka. Mpishi huamka kabla ya wote kwenda kutafuta kuni, hakuna anayemwuliza. Vua ile fulana. Nenda kwa wajomba zako ukiwa umeinua mikono, ukiita jina la mama yako na la mama yake. Ukikuta wameshakimbia, kimbilia walikokimbilia. Usigeuke nyuma kwa sababu yangu.

Najua utakachofikiri, kwa kuwa ndicho ningefikiri mimi: watamfanya nini mzee? Watakuja, ndiyo. Wataniuliza mwanangu yuko wapi. Na mimi hapo, Shaibu, nitakukana. Nitasimama sokoni mbele ya akida na askari na wauza samaki, niseme huyo si mwanangu, nimemlaani, mwizi, msaliti, asinyoe kichwa kwa matanga yangu siku nikifa. Nitatupa kilemba chini. Unajua nilivyo nikipata watu wa kunitazama. Nitaifanya kazi hiyo vizuri kuliko kinywaji chochote. Mama yako nimeshamwambia, amekubali kunisaidia kukulaani, na yeye ana sauti kuliko mimi. Amenionya tu nisichekeshe.

Pengine wataniamini, pengine hawataniamini. Wakiniweka ndani, nina nyama ya kutosha kufunga miezi. Hilo niachie.

Barua hii nimeitia ndani ya bakuli la kupigia mayai, chini ya chelewa, mahali ambapo hapana mkono mwingine utakaofika. Ukimaliza kuisoma itie chini ya sufuria; una moto karibu siku zote, hiyo ndiyo faida pekee ya kazi niliyokurithisha. Usiihifadhi kwa mapenzi. Ikisomwa na akida au mtu wake, tumekwisha wote watatu.

Nawe ukiwa huko uliko, kwenye pango au kwenye shamba la watu, ukafikiwa na habari kwamba Kivinje nzima inasimulia jinsi baba yako alivyokulaani mpaka povu likamtoka, usilie, wala usirudi kuomba radhi. Radhi umeshapewa. Ujue tu kwamba habari zako zimenifikia, kwamba umetoka salama, na kwamba mimi na mama yako usiku ule tumekula sahani moja.

Mimi ni baba yako, leo, na hata siku ile nitakapoapa kwamba siye.

Hamadi, mpishi